Chuo kikuu cha kando ya ziwa kiwe cha wote: kazi ya kufanya kuanzia usajili hadi mtihani

Kila Oktoba na Novemba vyuo vikuu vya Mwanza, kuanzia Malimbe hadi Bugando, hupokea watu wa kila namna: mtoto wa mvuvi wa kisiwa cha Ukara, binti wa mkulima wa pamba wa Magu, kijana asiyeona, kijana mwenye ualbino, mama mwenye mtoto mchanga, Mwislamu katika chuo cha kanisa, mgeni kutoka Uganda mwenye Kiswahili cha sokoni. Wote wamefaulu na wote wana barua ya udahili. Tofauti huanza getini.

Fulana na mabango ya siku ya watu wenye ulemavu hayaondoi ngazi zilizo mbele ya maktaba. Kinachomtoa mtu chuoni kina mahali pake na saa yake: tarehe ya ada, mlango mwembamba, mhadhiri aliyeshika alama peke yake, mtihani wa Ijumaa mchana. Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mshauri wa Wanafunzi, mkuu wa idara, dawati la jinsia na serikali ya wanafunzi, na unaifuata njia ya mwanafunzi mwenyewe.

Tembeeni kabla ya kuandika sera

Kamati nyingi huanza na sera. Huishia na maneno mazuri yasiyojua ngazi iko wapi. Anzeni kwa matembezi ya watu watano: mwanafunzi anayetumia kiti mwendo au magongo, mwanafunzi asiyeona au mwenye uoni hafifu, msichana wa mwaka wa kwanza aliyepanga mtaani, afisa wa majengo, na mtu wa kuandika. Wawe na tepu ya kupimia, simu yenye kamera na daftari. Watoke getini hadi dirisha la usajili, ukumbi mkubwa wa mihadhara, maktaba, zahanati, vyoo, bwenini, kisha warudi getini. Wanafunzi hao walipwe posho kama mnavyomlipa mtaalamu wa nje, maana ndicho wanachofanya.

Wapite mara tatu: saa 1 asubuhi, saa 2 usiku, na mchana wa siku ya mvua. Mwanza iko kaskazini magharibi ya nchi lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo Februari na Julai jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Kipindi cha saa 1 kamili humtoa msichana mtaani Nyegezi kukiwa bado giza, na njia hiyo lazima mtu aione kwa macho yake kabla ya kupanga ratiba. Siku ya mvua nayo itawaonyesha maji ya mlimani yanavyofukua mwisho wa rampu, na mabati ya ukumbi yanavyonguruma hadi mwanafunzi wa safu ya nne asisikie neno.

Kila kizuizi kiandikwe mambo manne: kiko wapi, kinamzuia nani, kipimo chake ni kipi, na nani ana mamlaka ya kukiondoa. Jambo la nne ndilo huachwa. "Chuo kishughulikie" maana yake hakuna atakayeshughulikia. Andika cheo cha mtu. Mwaka unaofuata chagueni watembeaji wapya, kwa sababu wa zamani wameshazoea kuzunguka na hawakioni tena kizuizi.

Kuhesabu bila kumwaibisha mtu

Ukiuliza kwenye fomu "Je, una ulemavu?" wengi watajibu hapana. Wengine wanaogopa kunyimwa kozi. Wengine wanaona tatizo lao ni la macho tu, halistahili jina hilo. Tumia maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu, yanayotumika katika sensa za nchi nyingi. Yanauliza kama mtu ana shida ya kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akiwa na kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, siwezi kabisa. Anayejibu la tatu au la nne katika swali lolote anaingia kwenye orodha. Ongezeni swali la saba ambalo ni lenu: "Unahitaji nini ili usome na kufanya mtihani sawa na wenzako?"

Fomu isijazwe kwenye foleni ambako mwenzake anachungulia begani. Wala kiongozi wa darasa, yule mnayemwita CR, asitumwe kukusanya majina kwenye kundi la WhatsApp. Habari za afya na ulemavu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwanafunzi aambiwe zitatumika kwa kazi gani na nani atazisoma, kisha akubali kwa maandishi. Mhadhiri hahitaji kujua ugonjwa. Anahitaji kujua kwamba mwanafunzi huyu akae mbele, apewe maandishi makubwa, aongezewe muda.

Rudieni zoezi wiki ya sita. Aliyejificha wiki ya kwanza huwa ameshaona kama ofisi yenu inaaminika.

Ada, bumu na majira ya ziwa

Hapa ndipo vyuo vya ukanda huu vinapoteza watu wengi bila kuwafukuza, na hapa panahitaji fikra za mahali hapa hapa.

Mwaka wa masomo unaanza wakati mkulima hana kitu. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, mpunga nao unaingia shambani miezi hiyo hiyo, na fedha yote ya nyumbani iko kwenye mbegu, dawa na vibarua. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei; mpunga huvunwa kati ya Mei na Julai. Chuo kinachodai nusu ya ada mwezi Novemba kinamdai mzazi katika mwezi wake mgumu kuliko yote. Mvuvi wa dagaa ana kalenda nyingine: dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika. Tarehe ya malipo ikiangukia mwezi mpevu, nyumba ile haina hata nauli.

Pendekezeni kwa mhasibu mkuu mpango wa awamu nne kwa atakayeomba: asilimia 20 wakati wa usajili, 20 Januari, 20 Machi, na 40 mwisho wa Juni. Mhasibu atauliza mishahara ya Desemba italipwa na nini, na swali lake ni la haki. Kwa hiyo mpango usiwe wa chuo kizima. Uwe wa kuomba, kwa fomu ya ukurasa mmoja inayotaja chanzo cha kipato cha nyumbani na kusainiwa na mzazi na mtendaji wa kijiji au mtaa, na uanze na idadi ambayo mhasibu mwenyewe anaona anaimudu. Jambo moja msilikubali: kumzuia mwanafunzi mlangoni mwa mtihani asubuhi ile ile kwa sababu ya deni. Orodha ya wenye madeni itoke wiki nne kabla, apate muda wa kuja ofisini kupanga.

Kwa wenye mkopo, ucheleweshaji mwingi wa bumu, yaani fedha ya kujikimu, hutokana na makosa yanayozuilika. Majina kwenye akaunti ya benki hayafanani na ya cheti cha kidato cha nne. Namba ya mtihani imekosewa tarakimu moja. Mwanafunzi alikuwa amelazwa siku za kusaini na fedha ikarudishwa Bodi ya Mikopo. Afisa mikopo akae na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza dakika kumi wiki ya kwanza, walinganishe herufi kwa herufi. Yatima huombwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na mwenye ulemavu uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Mzazi aliyefia kisiwani na kuzikwa siku hiyo hiyo mara nyingi hana cheti. Mfundisheni mwanafunzi huyo taratibu za RITA mapema, ili dirisha la rufaa likifunguliwa awe na karatasi mkononi.

Usajili wenyewe usifungwe Ijumaa jioni. Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, lakini wa Ukerewe bado wanategemea meli ya Nansio, na wa Ukara huvuka kwanza hadi Bugolora, upande wa Ukerewe. Upepo ukichafua ziwa, siku moja huwa mbili. Wekeni siku tatu za kazi za kuchelewa bila faini kwa anayetoka visiwani, na pokeeni nyaraka kwa barua pepe kabla hajafika.

Rampu, milango na vyoo

Mwanza ni mji wa mawe, na wakandarasi hulitumia jiwe kama udhuru. Kabla ya kupasua mwamba wowote jaribuni dawa ya bei rahisi: hamisheni kipindi. Mwenye ratiba akipewa namba za usajili za wanafunzi wasiopanda ngazi, anaweza kupeleka kozi zao zote ghorofa ya chini kabla muhula haujaanza, na hakuna mfuko wa saruji utakaonunuliwa. Ikifika wiki ya pili ameshachelewa, kwani kila chumba kina mwenyewe.

Pale ambapo rampu inahitajika, kipimo ni kimoja kwa kumi na mbili: kila sentimita 10 za kwenda juu zinadai mita 1.2 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo rampu yake ni mita 5.4. Kosa la kawaida ni fundi kukosa nafasi mbele na kuifanya mita mbili. Rampu hiyo mtu wa kiti mwendo hawezi kuipanda peke yake, na akishuka nayo anaweza kubinuka. Nafasi ikiwa ndogo, igeuzeni kwa kona na kuweka jukwaa bapa la mita 1.5 kwa 1.5 penye kona, juu na chini. Upana usipungue mita 1.2. Pembeni wekeni ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke, na vyuma vya kushikilia pande zote mbili kwa kimo cha sentimita 85 hadi 95. Vigae vinavyong'aa ni hatari mvua ikinyesha. Zege lipigwe ufagio kabla halijakauka, mikwaruzo ikatize njia. Mwisho wa rampu uwe na mfereji wenye kifuniko cha chuma ambacho matundu yake hayazidi sentimita 1.3, la sivyo mvua za Machi na Aprili zitakula udongo na kuacha shimo mahali ambapo gurudumu linatua.

Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90. Pimeni uwazi wenyewe mlango ukiwa umefunguliwa, msipime fremu. Wanafunzi wengi wenye ulemavu wa miguu huku hutumia baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo haiingii darasani kabisa. Wekeni kibanda cha kuiegesha kwenye kivuli karibu na mlango, na kiti mwendo cha chuo kikisubiri ndani.

Choo kinahitaji nafasi ya kugeuza kiti, duara la mita 1.5, mlango unaofunguka nje, choo cha kukaa chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48, vyuma vya kushikilia, na bomba ambalo mkono wa aliyekaa unalifikia. Choo cha kuchuchumaa hakimsaidii. Sasa jambo linaloharibu kila kitu: baada ya miezi michache choo hiki hugeuka stoo ya fagio na ndoo, kikafungwa kufuli, na ufunguo akawa nao mlinzi ambaye ameenda kula. Mwanafunzi anayejua hivyo huacha kunywa maji tangu asubuhi, na hayo ni mateso ambayo chuo hakina haki ya kumpa mtu. Kikikaguliwa, kikaguliwe bila taarifa, na chumba cha fagio kitafutwe kingine.

Vyoo vya wasichana viwe na pipa lenye kifuniko ndani ya kila chumba, maji na sabuni. Tafuteni pia chumba kidogo chenye kitasa kwa ndani kwa mama anayenyonyesha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shule. Baadhi yao wanafika chuoni wakiwa na watoto, na kanuni za bweni zinapaswa kusema wazi mtoto atakaa wapi na mama ataahirisha vipi mwaka bila kupoteza nafasi.

Darasani

Madesa, yaani maandishi ya somo, yatolewe siku tatu kabla ya kipindi, kwa faili la maandishi. PDF iliyopigwa picha kutoka kitabu ni karatasi tupu kwa asiyeona, maana programu ya kusoma skrini haioni herufi ndani ya picha. NVDA ni programu ya namna hiyo inayopatikana bure. Iwekwe kwenye kompyuta mbili za maktaba pamoja na vipokea sauti vya masikioni, na mkutubi afundishwe kuiwasha. Mhadhiri azoee kusoma kwa sauti anachoandika ubaoni. "Hii ukiijumlisha na hii" haimwambii kitu asiyeona ubao.

Kwa kiziwi, mkalimani mmoja kwa kipindi cha saa mbili hatoshi. Mikono na akili huchoka. Wawili hupokezana kila dakika 20 hadi 30. Mkalimani aliye zamu asimame karibu na mhadhiri, mwanga ukimwangukia usoni, na taa ya mbele isizimwe hata kama projekta inawaka. Apewe madesa kabla, kwa sababu istilahi nyingi za chuo hazina alama iliyozoeleka na lazima akubaliane na mwanafunzi watakavyozionyesha. Mahali pa kuanza kuuliza wakalimani ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA.

Lugha huwafunga hata wasio na ulemavu wowote. Aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba kisha Kiingereza cha kukariri anakutana na mhadhiri anayekwenda mbio. Ukurasa mmoja wa istilahi 20 kwa kila mada, kila moja na maelezo ya sentensi moja ya Kiswahili, unasaidia sana. Mhadhiri anayeeleza kwa Kiswahili katika semina afanye hivyo bila hofu, ila arudie kwa Kiingereza kwa ajili ya mgeni, na Kisukuma kisigeuzwe lugha ya ofisi mbele ya asiyekijua.

Makundi ya kazi msiwaachie wanafunzi wajipange wenyewe. Watajipanga kwa shule walizotoka, kwa dini na kwa marafiki, na yule wa kiti mwendo atabaki peke yake hadi mhadhiri amlazimishe mahali. Pangeni kutoka kwenye orodha ya usajili, watu watano kwa kundi, na mbadilishe kila muhula. Wakizidi saba, wawili huwa abiria.

Mwenye ualbino

Mashambulizi na mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia 2007 yameacha hofu ambayo mwanafunzi hatakuambia. Apewe nafasi ya bweni ndani ya chuo kabla ya mgawo wa jumla, na namba ya chumba chake isibandikwe ubaoni. Picha yake isipambe tangazo la chuo pasipo ridhaa yake ya maandishi.

Macho yake hayapendi mwanga mkali, na madirisha yanayotazama ziwa hurudisha mng'ao mchana kutwa. Akae mbele huku dirisha likiwa nyuma au ubavuni mwake. Maandishi yawe ya ukubwa wa 18 au 20; kionambali kidogo cha mkononi humsaidia kusoma ubao. Mafunzo ya nje yafanyike kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, akiwa na kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 (SPF) au zaidi inayopakwa tena kila baada ya saa mbili. Zahanati ya chuo iwe na losheni hiyo kama ilivyo na dawa ya malaria; Kilisun hutengenezwa Moshi kwa ajili yao. Siku ya mahafali kiti chake kiwe chini ya turubai.

Mtihani na saa za ibada

Muda wa nyongeza usiachwe kwa huruma ya msimamizi. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Chuo kinaweza kuanza na kipimo hicho hicho. Kiandikwe kwenye barua ya mwanafunzi. Chumba chake kiwe tofauti, wenzake wanaotoka wasimsumbue, na karatasi yenye maandishi makubwa au ya nukta nundu iandaliwe pamoja na ya wengine. Ikichapwa asubuhi ya mtihani huwa na makosa, na hakuna wa kuyasoma.

Ijumaa msipange mtihani wala semina ya lazima kati ya saa 6:30 na saa 8 mchana. Jumamosi ni ya Wasabato, ambao ni wengi ukanda huu. Mtihani wa Jumamosi uwe na tarehe mbadala iliyotangazwa tangu ratiba ya kwanza, mwanafunzi asilazimike kwenda kubembeleza ofisini. Mwezi wa Ramadhani kumbukeni kwamba jua la Mwanza linachelewa kuzama, karibu saa 1 usiku nyakati nyingine, na kipindi cha jioni kinachovuka hapo kinamnyima mtu futari. Kwenye chuo cha kanisa, wekeni maandishi kwenye fomu ya kujiunga: ibada zipi ni za hiari, na mahali pa kuswali ni wapi.

Rushwa ya ngono

Hili lipewe muda kuliko yote. Rushwa ya ngono huota pale ambapo alama ziko mikononi mwa mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho, na mwanafunzi lazima amfuate kuziuliza. Kwa hiyo vunjeni kwanza upweke huo. Mitihani isahihishwe kwa namba, jina lisionekane. Msahihishaji wa pili apitie sehemu ya karatasi za kila kozi, zikiwemo zote zilizoanguka kwa alama chache. Alama za majaribio zitoke kwenye mfumo ndani ya wiki tatu, ili asiwepo mtu wa kugonga mlango kuuliza zake. Kubadilisha alama kuhitaji saini mbili na sababu iliyoandikwa. Anayeandika utafiti awe na haki ya kubadilishiwa msimamizi mara moja pasipo kueleza sababu, na aliyepata supu, yaani mtihani wa marudio, ajibiwe maswali yake na mratibu wa kozi. Mikutano iwe ofisini, saa za kazi, mlango ukiwa wazi au wenye kioo.

Dawati la jinsia liwe na wapokeaji watatu, mmoja wao asiwe mwalimu; muuguzi wa zahanati anafaa. Anayelalamika apewe karatasi yenye tarehe na namba, na ajibiwe ndani ya siku mbili za kazi. Mhadhiri anayetajwa aondolewe mara moja katika kusahihisha kazi za mwanafunzi huyo, bila kumhukumu bado: apewe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujibu. Asihamishwe mwanafunzi.

Ujumbe wa simu usifutwe; upigwe picha ukionyesha namba, tarehe na saa. Kuomba au kutoa sharti la ngono kwa kutumia mamlaka ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea taarifa bure kwa namba 113, na ndiyo yenye utaalamu wa kuweka mtego. Mwanafunzi asijaribu kumtega mtu mwenyewe, na atoe taarifa kabla ya siku aliyoitwa. Ikiwa ameshaingiliwa kwa nguvu, afike hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia VVU zifanye kazi, asioge wala kufua nguo, na polisi wampe fomu ya PF3, ile ya matibabu. Mtu wa dawati aende naye. Asimpe nauli tu na kumwacha aende peke yake.

Mambo mawili huua dawati. La kwanza ni sanduku la maoni lililopachikwa mlangoni mwa mkuu wa idara, ufunguo akiwa nao yeye. La pili ni kikao cha kuyamaliza kindugu, ambapo binti huketishwa mbele ya mhadhiri na wazee wa chuo na kuombwa asamehe kwa ajili ya mustakabali wake. Kanuni zikataze kikao hicho kwa maneno yasiyo na njia ya kupenya.

Utani

Utani wa makabila ni mali yetu na hakuna sababu ya kuupiga marufuku. Una sheria zake: ni wa pande mbili, kati ya watani wanaojuana, na kila mmoja ana la kujibu. Mhadhiri anayemwigiza Msukuma lafudhi mbele ya wanafunzi 300 hataniani na mtu, kwa sababu aliyetajwa hawezi kumjibu. Mshamba, zeruzeru, bubu na kiwete viandikwe kwenye mwongozo wa wahadhiri kama maneno yasiyotumika, na badala yake yawekwe yanayotumika.

Ajira na bajeti

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu waliohitimu sifa. Chuo chenye wafanyakazi 400 kinadaiwa 12. Ofisi ya rasilimali watu itoe hesabu hiyo kila mwaka mbele ya baraza la chuo, na tangazo la kazi liseme kwamba usaili utafanyika ghorofa ya chini na kwamba mkalimani atapatikana akiombwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na idara huleta makisio yao miezi kadhaa kabla. Orodha ya vizuizi iwe imefika kwa mhasibu kufikia Februari, ikiwa imegawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la yasiyo na gharama: ratiba, tarehe za ada, usahihishaji kwa namba. La pili ni la matumizi ya kila mwaka, yaani wakalimani, losheni, uchapaji wa nukta nundu, nauli za dawati. La tatu ni la ujenzi, kila rampu ikiwa na jina la jengo, urefu wake na makisio ya fundi. Pesa ikipungua, kata kwenye la tatu kabla ya kugusa la pili, kwa sababu rampu iliyochelewa bado ina njia ya kuhamisha kipindi, lakini kiziwi asiye na mkalimani hana njia nyingine yoyote. Mikataba ya wakalimani isainiwe Septemba. Ikisubiri orodha ya mwisho ya udahili, malipo hupita ofisi tatu na mwanafunzi hukaa nusu muhula akitazama midomo.